Jogoo Anayeamsha Mtaa: Namna ya Kumtuliza Bila Kumchinja

Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika, Kimara kwa ndani: maeneo haya ya pembezoni mwa Dar es Salaam yalikuwa mashamba juzi tu, na wengi wetu tulihamia huko na ndoto ileile ya kujenga, kupanda mipapai na kufuga kuku wachache wa kienyeji. Sasa viwanja vimegawanywa, vingi ni vya mita ishirini kwa ishirini, na banda la huyu linapakana na dirisha la chumba cha kulala cha yule. Jogoo akiwika saa tisa usiku, jirani anamsikia kana kwamba yumo chumbani, kwa sababu kwa joto la Dar hakuna anayelala madirisha yamefungwa.

Mwongozo huu ni wa mfugaji anayetaka kubaki na jogoo wake na pia kubaki na jirani yake. Tuelewane mapema: jogoo mzima hazuiliki kuwika. Kinachowezekana ni kuziondoa sababu zinazomfanya awike usiku wa manane, kuipunguza sauti inayovuka uzio wako, na kupatana na jirani kuhusu saa zinazobaki. Nimezipanga hatua kuanzia zile zisizo na gharama, kwa hiyo usikimbilie kwa fundi mbao kabla hujazimaliza za mwanzo.

Hatua ya 1: Jua anawika saa ngapi na kwa nini

Msikilize kwa siku kama tano. Weka daftari kando ya kitanda, au acha simu inarekodi usiku kucha karibu na dirisha linaloelekea bandani. Andika saa ya mlio wa kwanza, mara ngapi anarudia, na kilichotokea kabla: gari lilipita? Umeme ulirudi? Mbwa walibweka? Jogoo wa mtaa wa pili ndiye aliyeanza?

Wengi huamini jogoo huwika kwa sababu ameona mwanga. Hiyo ni sehemu tu ya ukweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, na majogoo wakaendelea kuwika kila kulipokaribia kucha. Wana saa ndani ya mwili. Saa hiyo huwaanzisha kama muda wa saa mbili kabla ya mapambazuko, ndiyo maana kwetu mlio wa kwanza wa kawaida huwa kwenye saa kumi alfajiri, au mapema kidogo. Watafiti haohao waliona kwamba mwanga wa ghafla na sauti ya jogoo mwingine humchochea awike, hasa kunapokaribia kucha.

Sasa lisome daftari lako kwa jicho hilo. Milio ya saa kumi na saa kumi na moja ni ya saa yake ya mwili, na dawa yake ni banda na sanduku, tutakayofika huko mbele. Milio ya saa sita, saa nane, saa tisa mara nyingi ina mchochezi, na mchochezi unaweza kuondolewa usiku huohuo:

- Taa ya ulinzi inayomulika banda. Igeuze, au ifunike upande mmoja kwa kipande cha bati. Taa zinazowaka zenyewe mtu akipita ni mbaya zaidi kuliko zinazowaka usiku kucha, kwa sababu kila paka akikatiza, jogoo anaona kumekucha.
- Umeme unaorudi usiku wa manane na kuwasha taa ya bandani iliyosahaulika. Zima swichi kila jioni.
- Taa za magari na bodaboda zinazopita kwenye upenyo wa geti. Pazia la turubai upande wa barabara linatosha.
- Kicheche, nguchiro, panya au nyoka. Kuku wakishtuka usiku, jogoo hupiga kelele ya tahadhari, iliyo ya mkato na tofauti na kuwika. Ukiisikia mara kwa mara, shida yako ni tundu kwenye wavu. Lizibe kabla hujapoteza kuku.

Hatua ya 2: Mtangulie jirani

Hatua hii naiweka kabla ya misumari na mbao kwa makusudi. Jirani aliyeulizwa mapema huvumilia mengi. Aliyeachwa ajitese kimya kwa miezi sita atakapokuja hatakuja kuongea na wewe. Atakwenda moja kwa moja kwa mjumbe.

Nenda jioni, wewe mwenyewe, usitume mtoto wala ujumbe wa simu. Maneno yawe ya kawaida:

"Hodi hodi! Shikamoo mama Asha. Nimekuja kuwasalimu, na pia kuwauliza kuhusu huyu jogoo wangu, maana naona dirisha lenu liko upande wa banda. Huwa anawaamsha kuanzia saa ngapi?"

Angalia namna swali lilivyoulizwa. Ukiuliza "Je, anawasumbua?" utajibiwa "Aa, hapana jirani, hatuna shida," kwa sababu ya adabu tu, nawe utarudi nyumbani umeridhika bure. Ukiuliza saa, utapewa saa. Halafu uliza nani analala chumba cha upande huo. Hapo ndipo utasikia kwamba yupo mama mwenye kichanga, au mzee mwenye presha asiyepata usingizi, au kijana anayelinda usiku na kulala kuanzia saa moja asubuhi. Huyo wa mwisho, kwa mfano, hana tatizo na mlio wa alfajiri hata kidogo; anayemuumiza ni jogoo wa saa tatu asubuhi, na suluhisho lake ni tofauti kabisa.

Wapo majirani wanaompenda jogoo. Kwa Waislamu wengi mlio wake unaendana na swala ya alfajiri, na ipo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inayokataza kumtukana jogoo kwa kuwa huamsha watu kwa ajili ya swala. Na watu wa Dar huamka mapema: ukitaka kuikwepa foleni, saa kumi na moja alfajiri uko kituoni, na watoto wanasubiri basi la shule. Kwa hiyo saa unazopaswa kuzilinda kwa nguvu zote ni kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, pamoja na asubuhi za Jumamosi na Jumapili, ambazo ndizo pekee mfanyakazi hulala kidogo.

Kabla hujaondoka, acha namba yako ya simu na useme unachokwenda kufanya na lini. Kisha urudi kuuliza kama kuna nafuu. Trei la mayai ni zawadi nzuri kwa jirani, lakini lipeleke baada ya kuanza kurekebisha, lisionekane kama ndiyo malipo ya usingizi wake. Na mjadala wa jogoo usiupeleke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Huko kila mtu ana la kusema, na jambo la nyumba mbili linakuwa la mtaa mzima.

Hatua ya 3: Jiulize kama unamhitaji

Kuku wanataga bila jogoo. Nalisema wazi kwa sababu bado nakutana na watu wanaomfuga jogoo wakiamini bila yeye hakuna mayai. Kazi yake ni kurutubisha mayai ili yaanguliwe. Kama unakula mayai au unayauza dukani, mtetea hana haja naye, na yai lisilorutubishwa hata hukaa vizuri zaidi kwa sababu haliwezi kuanza kujenga kifaranga likipata joto.

Kama unaangulisha vifaranga mara mbili au tatu kwa mwaka, unaweza kumwazima jogoo. Mtetea aliyepandwa huendelea kutoa mayai yaliyorutubishwa kwa takriban wiki mbili baada ya jogoo kuondoka. Mchukue jogoo wa rafiki aliye shambani, akae na mitetea yako siku kumi hivi, anza kukusanya mayai ya kuatamisha kuanzia siku ya nne, kisha mrudishe. Majirani watavumilia siku kumi walizoambiwa mapema.

Tahadhari moja ya kuazima: magonjwa. Jogoo mgeni akae peke yake wiki mbili, mbali na kuku wako, na wote wawe wamechanjwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya I-2 ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na inapatikana kwenye maduka mengi ya dawa za mifugo. Kwa kuwa karantini nayo ina milio yake, ni bora jogoo akae huko shambani kwa mwenyewe, akiwa ametengwa na wenzake, kuliko kwako.

Hatua ya 4: Bakiza mmoja

Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Kundi la nyumbani halihitaji zaidi.

Majogoo wawili ndani ya banda moja hawatoi kelele maradufu tu, wanashindana. Mwaka 2015 watafiti walewale wa Nagoya walionyesha kwamba jogoo mwenye cheo cha juu ndiye huanza kuwika alfajiri, wa pili humfuata, wa tatu humfuata wa pili, kwa mpangilio wa vyeo vyao. Mkubwa akiondolewa, wa pili anachukua nafasi ya kuanza. Hili lina maana kubwa kwa mfugaji: ukimchinja yule msumbufu ukawaacha wenzake, utapata msumbufu mpya kesho yake.

Pora huanza kujaribu sauti akiwa na miezi mitatu hadi minne, kwanza kwa mlio wa kukwaruza, kisha unanyooka. Usisubiri. Yule unayetaka kumrithisha banda mchague mapema, waliobaki wauze au wale. Ukiangulisha vifaranga kwa kuhesabu nyuma kutoka sikukuu, mapora wako watafikia uzito wa kuuzika Idi au Krismasi inapokaribia, bei ikiwa nzuri.

Na ukinunua jogoo mpya, usimchague kwa ukimya wake sokoni. Methali inasema jogoo wa shamba hawiki mjini, na kwa siku chache za mwanzo utaona ni kweli: anasoma mazingira na anatafuta cheo chake. Akishajua banda ni lake, atawika. Mwulize muuzaji historia yake, na ikiwezekana mfikie alfajiri umsikilize akiwa kwao. Tabia pia zinatofautiana. Kuchi ni warefu na wakali, wanapenda kupigana, nami nisingemweka kwenye kiwanja kidogo chenye majogoo wengine ng'ambo ya ukuta. Machotara wazito kama Sasso na Kuroila wengi ni wapole zaidi, japo sauti wanayo.

Hatua ya 5: Hamisha banda, geuza uso wake

Watafiti wa Ubelgiji waliochapisha vipimo vyao mwaka 2018 walikuta kwamba sauti inayofika masikioni mwa jogoo mwenyewe inazidi desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwamba anapopanua mdomo tundu la sikio lake hujifunga ili asiumie. Jirani yako hana kifuniko hicho.

Sauti ikiwa uwanjani hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Chukua mfano wa mlio wa desibeli 90 kwa mtu aliye mita moja: mita mbili utakuwa 84, mita nne 78, mita nane 72, mita kumi na sita 66. Kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini, hata ukilisogeza banda kona hadi kona, huwezi kupata zaidi ya mita ishirini na nane. Kwa hiyo umbali unasaidia, lakini peke yake hautoshi, na mara nyingi kumkimbia jirani mmoja ni kumsogelea mwingine. Kuna mambo manne yenye faida zaidi.

Kwanza, uso wa wavu uelekee nyumba yako. Upande wa jirani uwe tofali, umepigwa lipu, bila tundu. Mwenye jogoo ndiye anayepaswa kumsikia wa kwanza.

Pili, tofali badala ya bati. Uzito ndio unaozuia sauti, na bati ni jepesi mno. Ukuta wa tofali za saruji unafanya kazi, mradi tundu lisiachwe juu yake, maana sauti hupita kwenye upenyo kama maji. Michongoma na maua ya uzio hupendeza, ila kwa sauti hayana msaada wa maana.

Tatu, jogoo alale chini. Kuku wa kienyeji hupenda kupanda kwenye mwembe au juu ya paa, na jogoo akiwikia huko, uzio wa tofali hauna kazi yoyote. Wafungie kuanzia saa kumi na mbili jioni, na kichanja cha kulalia kiwe chini zaidi ya kimo cha ukuta, karibu na ukuta wenyewe.

Nne, dari. Chini ya bati la paa tundika plaiwudi, au hata magunia mawili matatu yaliyoshonwa pamoja. Bati tupu huirudisha sauti na kuitupa nje kupitia upande wa wavu. Dari hiyo pia inapunguza joto la mchana.

Kabla na baada ya kazi, simama kwenye mpaka na simu yenye programu ya kupimia sauti. Simu si kipimo cha kitaalamu, lakini simu ileile, mahali palepale, saa ileile, itakuonyesha kama kuna tofauti.

Hatua ya 6: Sanduku la kulalia

Hii ndiyo hatua yenye matokeo makubwa kuliko zote, na ndiyo inayoua jogoo ikifanywa ovyo. Wazo ni hili: usiku jogoo analala kwenye sanduku zito ndani ya banda, lenye giza, hewa ya kutosha, na kimo kinachomruhusu kusimama lakini si kunyoosha shingo juu kabisa. Jogoo huinua kichwa na kunyosha shingo anapowika. Akikosa nafasi hiyo huwika mara chache na kwa sauti ndogo. Kumbuka matokeo ya Nagoya: giza halitaizima saa yake. Giza linaondoa taa za usiku, kuta nene zinameza sauti inayobaki.

Vipimo vichukue kwa jogoo wako. Mpime akiwa amesimama kwa utulivu, shingo haijanyooshwa, kisha ongeza vidole vinne. Hicho ndicho kimo cha ndani. Upana na urefu sentimita 60 kwa 60 zinamtosha jogoo wa kienyeji wa kawaida kugeuka. Kuchi apewe 75. Usiweke kijiti cha kusimamia, kitamwinua. Weka maranda makavu, kina cha sentimita nane au kumi.

Kuta ziwe mbili. Ya nje ni plaiwudi nene au tofali, ya ndani ni ubao mwembamba, na katikati acha nafasi ya vidole vinne ujaze maranda yaliyofungwa kwenye mifuko. Dawa ya mchwa ipakwe mbao za nje tu, tena mapema, zikauke kabisa kabla jogoo hajalala humo. Mlango ubanwe na kipande cha mpira pembezoni ili usiache upenyo. Wengine hubandika blanketi kuukuu ndani. Linasaidia, lakini utitiri hujificha humo kwa maelfu, kwa hiyo blanketi liwe la kutundika na kutoa, uloweke na kulianika juani kila wiki. Ukikuta vidudu vyekundu vidogo kwenye nyufa asubuhi, toa kila kitu, mwaga maranda mbali, na umwone afisa mifugo wa kata kwa dawa inayofaa kuku.

Sasa hewa, na hapa naomba usome polepole. Kuku hawatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi. Miezi ya Januari na Februari usiku wa Dar haushuki sana chini ya nyuzi 25, na ndani ya sanduku bila hewa joto linapanda haraka. Toboa nafasi mbili: moja chini upande mmoja, nyingine juu upande wa pili, kila moja urefu wa sentimita 30 na kimo cha 10. Hewa ya moto itatoka juu, ya baridi iingie chini. Ili sauti isitoke nayo, nje ya kila nafasi jenga njia ya mbao yenye kona mbili, na uibandike zulia kuukuu kwa ndani. Hewa hupita kona bila shida, sauti hupoteza nguvu kila inapogonga. Ukiweza, weka kifeni kidogo cha kompyuta kwenye tundu la juu, kinachotumia betri ya sola. Hakili umeme mwingi na mvumo wake hausikiki nje.

Kabla ya usiku wa kwanza, mjaribu mchana wa mawingu kwa nusu saa. Ukimkuta anahema mdomo wazi na ameachanisha mabawa na mwili, mtoe mara moja na uongeze hewa. Harufu kali ya mkojo inayowasha macho ukifungua asubuhi ni ishara nyingine kwamba hewa haitoshi au maranda yamelowa.

Ratiba ni rahisi. Saa moja usiku, giza likishaingia na kuku wametulia, mbebe kwa mikono miwili umwingize. Gizani huwa mpole, hata Kuchi. Asubuhi mfungulie saa kumi na mbili na nusu siku za kazi, saa moja na nusu mwisho wa wiki, na akitoka akute maji na chakula. Asikae humo zaidi ya hapo. Siku ambayo joto ni kali kupita kawaida, au kifeni kimekufa, alale bandani na uwaambie majirani.

Kuhusu mkanda wa shingoni

Upo mkanda laini unaofungwa shingoni mwa jogoo, unaopunguza hewa anayoisukuma kwa mkupuo, na hivyo sauti inakuwa ndogo. Unafanya kazi kwa baadhi yao. Mimi siupendekezi kwa mfugaji anayeanza. Ukikazwa kidogo tu zaidi, chakula kinakwama shingoni, na jogoo anayehema kwa joto anahitaji koo lililo wazi. Unaweza pia kunasa kwenye wavu akajinyonga usiku, wakati huna wa kumwona.

Ukiamua kuutumia hata hivyo, ufunge chini ya manyoya, kidole chako kidogo kipite kwa urahisi kati ya mkanda na ngozi. Siku ya kwanza atatembea kinyumenyume na kutikisa kichwa. Kaa naye, hakikisha anakunywa na kumeza. Kagua ngozi kila siku. Usimfunge pora anayekua, maana shingo inanenepa na mkanda haunenepi.

Kuna mambo mengine ambayo watu hushauriana vijiweni na ambayo sikubaliani nayo hata chembe: kumfunga mdomo kwa raba, kumnyima chakula, kumpa vidonge vya usingizi vya binadamu, kumchoma koo. Hayo ni mateso, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayoyakataza. Kuhasi nako, kwa ndege, si jambo la nyumbani: korodani za jogoo ziko ndani ya tumbo karibu na mgongo, na kuzifikia ni upasuaji.

Shauri likifika serikali ya mtaa

Mkishindwa kupatana, mlolongo wa kawaida ni mjumbe, kisha mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha kata. Halmashauri za miji zina sheria ndogo kuhusu ufugaji ndani ya mji, na kelele zina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nenda kwa mtendaji ukaulize sheria ndogo za halmashauri yako zinasemaje kuhusu idadi ya kuku na umbali wa banda kutoka nyumba ya jirani, na uende kabla hujaitwa. Kenya, udhibiti wa wanyama na wa kelele uko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo swali hilo linaulizwa huko.

Ukiitwa, beba daftari lako la saa, picha za banda kabla na baada, na vipimo vya simu. Ongea kwa upole, na mpe mlalamikaji nafasi amalize. Mjumbe akiona mtu aliyejenga sanduku na kupunguza majogoo kutoka wanne hadi mmoja, kikao huwa cha kupanga saa tu.

Watu hupenda kumtaja Maurice, jogoo wa kisiwa cha Oléron nchini Ufaransa, ambaye mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilikataa kumnyamazisha baada ya wenye nyumba ya mapumziko kulalamika. Mwaka 2021 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za maeneo ya vijijini. Nami nilifurahi kuisikia habari hiyo. Lakini usiibebe kikaoni. Hakimu wa Rochefort hatakusaidia kwa jirani wa Kinyerezi mwenye mtoto wa wiki mbili.

Na wewe unayesoma hapa kwa sababu jogoo si wako, anza kwa hodi. Mwambie mwenzako saa unazoamshwa na sababu inayokuumiza, usimwambie "kuku wako wananikera." Mpe muda wa kurekebisha, mwezi mmoja ni muda wa haki, na mrudie kabla ya kwenda kwa mjumbe. Usirushe mawe bandani wala usiweke sumu. Kuku wa mtu ni ada ya shule ya mtoto wake.

Ikishindikana: mpeleke shamba

Wapo majogoo ambao hakuna sanduku linalowatosha, na wapo majirani ambao hali yao haiwezi kusubiri. Hapo mtafutie jogoo makao kwa ndugu au rafiki mwenye nafasi: Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo, Mlandizi, popote nyumba zinapoachana. Jogoo mwenye umbo zuri na mbegu nzuri hakosi wa kumchukua.

Hakikisha amechanjwa mdondo angalau wiki mbili kabla ya safari. Msafirishe alfajiri au jioni, kwenye tenga lenye hewa na nafasi ya kukaa, peke yake, bila kumfunga miguu na kumning'iniza kwenye pikipiki. Mpe maji kabla ya kuondoka na mara tu mkifika. Huko akae ametengwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na kundi, na kama kuna jogoo mwenyeji, waoneshwe kupitia wavu kwa siku kadhaa kwanza, la sivyo watapigana hadi mmoja aumie. Baada ya wiki piga simu uulize kama anakula, kisha upite kwa mama Asha umuulize kama kichanga kinalala.